Maswali ya Wasomaji: Nani Atajua Nikienda kwa Mnasihi wa Chuo?

Barua za toleo hili zimeandikwa na wanafunzi, mzazi mmoja na mnasihi mmoja. Kila mmoja ana shida yake, lakini karibu wote wanauliza jambo lile lile, nalo ni usiri wa chumba cha unasihi, mipaka ya usiri huo, na hofu inayowazuia wengi kubisha hodi. Majina ya watu na ya vyuo tumeyaondoa.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja jijini Dodoma. Muhula uliopita, fedha za kujikimu zilipoingia, nilizibeti zote kwenye mpira kwa njia ya simu, nikidhani mkeka mmoja ungetosha kulipa madeni yangu. Ziliisha ndani ya siku chache. Tangu hapo silali vizuri, chakula sikitamani, vipindi vya asubuhi sihudhurii, na tayari nina sapu, yaani mitihani ya marudio, katika masomo matatu. Wenzangu wananishauri niende kwa mshauri wa wanafunzi, lakini ofisi hiyo hiyo ndiyo inayowaita watu mbele ya kamati ya nidhamu. Nikijieleza, si nitakuwa nimejishtaki mwenyewe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hofu yako ina msingi, na sitaki uidharau. Katika vyuo vyetu vingi, anayeitwa Mshauri wa Wanafunzi ni kiongozi wa utawala ambaye chini yake kuna mabweni, serikali ya wanafunzi, michezo, mikopo na, mara nyingi, nidhamu. Mnasihi ni mtu mwingine, aliyesomea saikolojia, unasihi au ustawi wa jamii, ambaye kazi yake ni kukusikiliza na kukusaidia kupata njia. Katika vyuo vidogo mtu mmoja hupewa kazi zote mbili, nami nasema wazi kwamba huo ni upungufu wa chuo na unapaswa kurekebishwa na chuo, kwa sababu hakuna mwanafunzi atakayefungua moyo wake mbele ya mtu ambaye kesho yake anaweza kuwa hakimu wake.

Kwa hiyo, kabla hujaeleza lolote, uliza. Muulize mnasihi kama ni mjumbe wa kamati ya nidhamu, anaandika nini mnapozungumza, maandishi hayo anayahifadhi wapi, na nani mwingine anaruhusiwa kuyasoma. Mnasihi aliyefundwa vizuri hatakasirika. Kwa kweli alipaswa kukueleza hayo katika dakika za kwanza, pamoja na hali chache ambazo siri haiwezi kutunzwa: maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, mtoto akiwa anadhulumiwa, au mahakama ikitoa amri. Ukiona majibu hayakuridhishi, zahanati ya chuo inaweza kukuandikia rufaa kwenda hospitali ya mkoa, na wewe uliyeko Dodoma una Mirembe karibu, hospitali ya taifa ya afya ya akili, ambayo haikuwekwa kwa ajili ya wagonjwa wa kulazwa peke yao.

Sasa nije kwenye hali yenyewe. Usingizi uliopotea, hamu ya chakula iliyokwisha na vipindi vinavyokupita ni mambo ambayo mnasihi huyauliza mapema. Wataalamu wengi hutumia hojaji fupi iitwayo PHQ-9, yenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, ambayo imekwisha kutafsiriwa na kufanyiwa majaribio kwa Kiswahili. Majibu yako humsaidia kuona kama una huzuni ya kawaida baada ya hasara, au umeingia katika sonona inayohitaji matibabu. Kuhusu kubeti, usitarajie mahubiri. Atataka kujua hamu hukujia saa ngapi, ukiwa na nani, na baada ya jambo gani, kisha mtapanga pamoja hatua ndogo zinazowezekana: kuifuta programu kwenye simu, kumkabidhi ndugu unayemwamini fedha za muhula ujao ili akupe kwa wiki, na kuandika madeni yote kwenye karatasi moja, kwa kuwa deni lisiloandikwa huonekana kubwa kuliko lilivyo.

Jambo la mwisho ni la haraka. Ikiwa hali yako haikuruhusu kufanya mitihani, utaratibu wa kuahirisha masomo kwa sababu za afya upo, na mnasihi au daktari anaweza, kwa ridhaa yako, kuandika barua ya kuunga mkono ombi lako. Ombi hilo lipelekwe kabla ya mitihani. Ukisubiri hadi umedisko, yaani umeondolewa chuoni kwa kufeli, ndipo ulete cheti cha hospitali, utapata wakati mgumu sana wa kusikilizwa. Na kwa kuwa unanufaika na mkopo, pitia kwanza ofisi ya mikopo chuoni ujue kuahirisha kutaathiri vipi malipo yako kutoka Bodi ya Mikopo.

SWALI: Ndugu mnasihi, salaam. Mimi ni mkulima wa mpunga wilayani Mbarali, mkoani Mbeya. Binti yangu ana miaka 21 na anasoma Dar es Salaam. Alipokuja likizo alikuwa amekonda, hazungumzi, anajifungia chumbani. Rafiki yake akanidokeza kwamba anamwona mnasihi wa chuo. Nilipopiga simu huko niliambiwa hawawezi kunieleza chochote, hata kama anafika au hafiki. Mimi ni baba mzazi na ada nalipa mimi. Je, hiyo ni haki?

JIBU: Salaam, baba. Uchungu wako naufahamu, na hata hivyo waliokujibu walifanya sawa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18, na binti yako amekwisha kuvuka umri huo. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka habari za afya ya mtu katika kundi la taarifa nyeti. Kulipa ada hakubadilishi hayo. Lakini sitaki ubaki na sheria tu, maana sababu ya ndani zaidi ni kwamba binti yako anakwenda pale kwa kuwa anaamini maneno yake hayatatoka. Siku akisikia kwamba baba amesimuliwa, hatarudi tena, na wewe utakuwa umepoteza mtu wa pekee anayejua anachopitia.

Kuna njia ambayo wazazi wengi hawaijui. Mnasihi hawezi kukupa habari, lakini hakuna kinachomzuia kupokea kutoka kwako. Unaweza kumwandikia barua ukaeleza uliyoyaona nyumbani: amekonda kiasi gani, analala saa ngapi, kama kuna msiba au mgogoro katika familia ambao huenda hakuutaja. Hatakujibu kwa undani, lakini ataisoma, na fahamu kwamba anaweza kumweleza binti yako kuwa umeandika. Kwa hiyo andika yale tu ambayo ungeweza kuyasema mbele yake. Vilevile, kama maisha ya binti yangekuwa hatarini, mnasihi angekuwa na wajibu wa kuwahusisha watu wa kumlinda, na mara nyingi familia ndiyo ya kwanza.

Lililo kubwa zaidi limo mikononi mwako. Akirudi tena nyumbani, usianze na matokeo ya mtihani. Usimwambie kwamba ninyi mlisoma kwa shida kuliko yeye, hata kama ni kweli, kwa sababu atakachosikia ni kwamba hana ruhusa ya kuchoka. Mtafutie nafasi msipokuwa mmekaa ana kwa ana kama mahakamani, mkiwa njiani kwenda shambani kwa mfano, umwambie umeona amebadilika, kwamba wasiwasi wako ni yeye na si ada, na kwamba hata akihitaji kupumzika mwaka mmoja bado ni mwanao. Halafu nyamaza. Akijibu kwa sentensi moja tu, ipokee hiyo moja. Wengi wa wasichana niliowasikiliza hawakuwa wakiwaogopa baba zao kwa ukali. Walikuwa wanaogopa kuwavunja moyo watu waliouza mazao na mifugo kwa ajili yao, na mzigo huo mzazi anaweza kuupunguza kwa neno lake.

SWALI: Hujambo mwalimu? Ninasoma Eldoret, mwaka wa tatu. Ninayeishi naye chumba kimoja ameanza kusema kwamba amechoka na maisha, na juzi aligawa nguo zake na kuniachia kompyuta yake akidai haihitaji tena. Aliniapisha nisimwambie mtu. Ninaogopa pia kwamba nikimpeleka kwa wakubwa atakamatwa na polisi, kwa maana nimesikia kwamba kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Nifanye nini?

JIBU: Jambo hili ni la leo, mwanangu, na barua yako tuliijibu kwa njia ya moja kwa moja siku ilipotufikia. Tunaichapisha kwa ajili ya wengine walio katika hali kama yako.

Mtu anayesema amechoka kuishi na kisha kugawa vitu vyake hapaswi kuachwa peke yake. Kaa naye, au mpange zamu na mwenzenu mwingine anayeaminika, na viondoeni chumbani vitu ambavyo angeweza kujidhuru navyo. Muulize waziwazi, kwa sauti ya upole, kama anafikiria kujiua. Watu huogopa kwamba swali hilo litampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo, na wengi huhisi nafuu kwamba hatimaye mtu amelitamka. Kisha mfuatane, msiagane mlangoni, hadi kwa mnasihi wa chuo. Ikiwa ni usiku au wikendi, mwendeeni mlezi wa bweni au walinzi mpate usafiri wa kwenda idara ya dharura. Hapo Eldoret ipo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, yenye huduma za afya ya akili. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina simu ya ushauri isiyolipiwa, namba 1199. Kwa wasomaji walio Tanzania, Wizara ya Afya ina namba 199, nayo hailipiwi.

Kiapo ulichomlia kivunje. Mwambie mwenyewe kwamba unakivunja na kwa nini, ili asihisi umemzunguka. Akikasirika, hasira yake ivumilie.

Kuhusu sheria: ni kweli kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, lakini mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Nchini Tanzania kosa hilo limo katika kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba linapaswa kuondolewa, kwa sababu linawaficha wagonjwa na kuwatia hofu ndugu wanaotaka kuwapeleka hospitali. Hata hivyo, kinachotajwa hapo ni kitendo cha kujaribu. Kuwa na mawazo ya kufa, na kumweleza mnasihi au daktari mawazo hayo, si kosa katika nchi yoyote kati ya hizi mbili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na kwamba kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba hofu ya polisi imzuie kijana hata mmoja kufika kwenye msaada.

Baada ya mwenzako kupata uangalizi, nenda kwa mnasihi kwa ajili yako wewe. Umebeba jambo zito kwa siku kadhaa bila mtu wa kumwambia, nawe pia unastahili kusikilizwa.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwanafunzi Unguja. Nimekuwa nikipatwa na mapigo ya moyo ya ghafla, jasho na hofu ya kufa kila nikiingia ukumbi wa mtihani. Mnasihi wa chuo ameniandikia niende kliniki, lakini mama anasema nimeingiliwa na majini na ananitaka nisomewe. Sitaki kumuudhi mama.

JIBU: Waalaykum salaam. Huhitaji kuchagua kati ya mama yako na kliniki. Kisomo kinachokupa utulivu na kukukusanya na watu wako hakipingani na unasihi, na wanasihi wengi wa kwetu hufanya kazi vizuri na masheikh na wachungaji. Dalili ulizoeleza zinafanana na hofu kali ya ghafla, hali inayojulikana vizuri na inayotibika kwa mazoezi ya kupumua, kwa kuirudia polepole sehemu inayokutisha, na wakati mwingine kwa dawa. Lakini ni busara daktari akupime kwanza moyo na damu ili ijulikane kama kuna sababu ya kimwili. Huduma za afya ya akili zinapatikana pia Kidongo Chekundu, hospitali ya afya ya akili iliyoko hapo Unguja. Ukiandikiwa dawa, usiziache ghafla kwa kuwa umesomewa, wala usikate tamaa mapema, kwani dawa nyingi za aina hiyo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake. Mipaka yangu ni miwili: mtu yeyote atakayetaka kukupiga, kukufunga au kukunyima chakula kwa jina la tiba, mkimbie; na atakayekuamuru uache hospitali, usimfuate. Muulize mnasihi kama mama anaweza kuja siku moja mkae watatu. Mara nyingi mama akielezwa kwa heshima huwa ndiye anayekukumbusha kunywa dawa.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi mwenyewe ni mnasihi, peke yangu katika chuo chenye wanafunzi wapatao 8,000. Wiki za kabla ya mitihani foleni hufika nje ya jengo. Nimeanza kuwasikiliza watu huku akili yangu iko kwa anayesubiri. Naomba ushauri wa kitaalamu.

JIBU: Ndugu yangu, ulichonacho hakiwezekani kwa mtu mmoja, na lazima uongozi wako uambiwe hivyo kwa tarakimu. Kigezo kinachotumiwa na shirika la kimataifa la ithibati ya huduma za unasihi vyuoni, IACS, ni mnasihi mmoja kwa wanafunzi 1,000 hadi 1,500. Kwa chuo chako, hiyo ina maana ya wanasihi wasiopungua sita. Anza leo kuhesabu, bila majina, ni wangapi walifika, wangapi waliondoka bila kuonwa, na wangapi walikuwa wa dharura. Ripoti ya ukurasa mmoja yenye hesabu hizo, ikipelekwa kabla ya bajeti kupangwa, ina nguvu kuliko malalamiko ya mwaka mzima.

Wakati huo, badilisha mpangilio. Tenga kila siku nafasi mbili zisizopangiwa mtu, kwa ajili ya dharura tu. Kwa matatizo yanayofanana, kama hofu ya mitihani au upweke wa wanafunzi wapya, fanya vikao vya kikundi cha watu wanane au kumi; wengine hunufaika zaidi humo kuliko wakiwa peke yao, kwa sababu huona hawako peke yao. Misimu ya shida unaijua mapema: majuma ya kwanza ya mwaka wa kwanza, siku ambazo fedha za kujikimu zimechelewa, na wiki matokeo yanapotoka. Nenda ukumbini kwao kabla ya misimu hiyo, usisubiri waje kwako.

Tena usidharau wasaidizi wasio na shahada. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianzisha jijini Harare mpango wa Friendship Bench, kwa kuwafundisha bibi 14 wa mtaa wa Mbare kusikiliza watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kuorodhesha matatizo yao, kuchagua moja, na kulitafutia hatua. Jaribio la kisayansi lililochapishwa mwaka 2016, lililohusisha watu 573 katika kliniki 24, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache kuliko wenzao. Wanafunzi wa miaka ya juu na walezi wa mabweni wanaweza kufundishwa kazi ya namna hiyo, kwa masharti mawili nisiyoyalegeza: wawe na mtu wa kumkabidhi dharura wakati wowote, na wakutane na wewe kila wiki kujadili yaliyowaelemea, kwa kuwa kijana wa miaka 22 hawezi kuachiwa siri nzito za wenzake abaki nazo peke yake.

Na wewe je, nani anakusikiliza? Tafuta mnasihi mwandamizi, hata wa chuo kingine, ukutane naye mara moja kwa mwezi kupitia kazi yako bila kutaja majina. Kuwasikiliza watu huku akili iko kwa anayesubiri ni dalili ya uchovu wa kazi, na anayeumia kwanza ni yule aliyeketi mbele yako.

SWALI: Je, kumwona mnasihi kutaandikwa kwenye nakala ya matokeo yangu, na mwajiri ataweza kujua?

JIBU: Hapana. Nakala ya matokeo huonyesha masomo uliyosoma na alama ulizopata. Kumbukumbu za unasihi zinapaswa kuhifadhiwa kando na jalada lako la taaluma, chini ya ufunguo wa mnasihi. Kama uliahirisha mwaka, miaka ya masomo itaonekana kuwa mingi zaidi, lakini sababu haiandikwi, nawe huna wajibu wa kuisimulia kwenye usaili. Mwajiri akimwandikia mnasihi kuomba habari zako, jibu sahihi ni kwamba hazitolewi bila ridhaa yako ya maandishi, na kabla ya kutia saini ridhaa hiyo una haki ya kusoma kitakachotumwa.